Hilton ya Nairobi: Mteja alihama, mnara ukabaki

NAIROBI, Kenya

Wafanyabiashara wanaoshuka Nairobi kutoka Kampala au Arusha kununua mali bado huambiana, “Tukutane Hilton.” Lakini hoteli hiyo ilifungwa Desemba 31, 2022, baada ya kuhudumu miaka 53. Kilichobaki ni mnara wa mviringo unaoonekana kutoka kila upande wa Barabara ya Moi.

Ilipofunguliwa mwaka 1969, mgeni mwenye fedha alikuwa na shughuli zake katikati ya jiji: benki, wizara na mashirika ya ndege. Hoteli ya InterContinental ilifunguliwa mwaka huohuo, si mbali na hapo.

Kisha mteja akaanza kuhama. Baada ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliondoka katikati ya jiji na hatimaye ukajengwa Gigiri. Kampuni nyingi nazo zilikimbilia Upper Hill na Westlands, zikitafuta nafasi ya kuegesha magari. Korona ilipoingia mwaka 2020, InterContinental ilifungwa. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Hilton.

Ikumbukwe kwamba kampuni ya Hilton haikuihama Kenya. Jina lake limebaki kwenye hoteli za karibu na uwanja wa ndege na Hurlingham. Kilichopoteza thamani machoni pake ni mahali, wala si soko la Kenya.

Hata hivyo, mtaa haujafa. Hoteli ya Stanley, iliyoanza mwaka 1902, ingali inapokea wageni hatua chache kutoka hapo. Ng'ambo ya Barabara ya Moi, kuelekea River Road, majengo yamegawanywa kuwa vijiduka, na wanunuzi wa jumla hupigana vikumbo tangu asubuhi. Mteja mkubwa ameondoka, wadogo wameongezeka.

Ndiyo maana hatima ya jengo hilo inawahusu wachuuzi. Serikali ya Kenya ina takriban asilimia 40 ya hisa katika kampuni inayolimiliki, hivyo ina sauti. Anayevuka Busia au Namanga na fedha mkononi hahitaji bwawa la kuogelea. Anahitaji chumba salama cha bei nafuu, stoo ya mzigo na benki jirani. Mwekezaji atakayemtazama mteja huyo hatalazimika kumtafuta mbali; yuko mlangoni tayari.