Jina Lilitangulia Picha

Pale Ibaba, katika milima ya Ileje, nilimsikia mzee akiwasimulia wajukuu zake habari za chui aliyekuwa akishuka usiku hadi mazizini. Kijana mmoja mgeni, kamera shingoni, akamkatiza: "Samahani, babu, picha yake ipo?" Mzee akanyamaza. Hadithi ikafia pale pale, na kijana akaondoka akiamini kwamba ameitetea kweli.

Ni swali hilo ninaloshindana nalo hapa. Limekuwa sheria isiyoandikwa: mnyama wa msituni ambaye hajapigwa picha hayupo, na aliyemwona kwa macho yake ni mzushi mpaka mgeni amthibitishie.

Natuutazame ushahidi wa jirani. Kutoka Ileje hadi Mlima Rungwe si mbali. Huko wawindaji Wanyakyusa walikuwa wakimtaja kima mmoja mwenye haya, akaaye juu mitini, wakimwita kipunji. Watafiti waliyasikia masimulizi hayo, wakamtafuta, wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2004 wengine wakamkuta Ndundulu, katika milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 makundi hayo mawili yakamtangaza kuwa spishi mpya, na ushahidi mkuu ulikuwa picha, kwani hawakutaka kumwua mnyama adimu kiasi hicho. Kwa hilo nawapongeza. Kamera iliyochukua nafasi ya bunduki imefanya jambo la kheri. Nawapongeza pia kwa kulibakiza jina la wenyeji. Lakini "mpya" kwa nani? Aliyempa jina alikuwa amekwisha kumjua.

Tena, picha ilikuwa na mipaka yake. Kipunji mmoja alinaswa katika mtego wa mkulima shambani, akafa. Ni mwili wake uliowafunza wataalamu, mwaka 2006, kwamba anastahili jenasi yake peke yake. Mtego wa mwanakijiji ukasema ambalo kamera haikuliona.

Nanyi wasomaji wa visiwani mwalijua jambo hili. Chui wa Unguja alikwisha kuandikwa vitabuni kuwa ametoweka, hali wakulima wakiendelea kumtaja. Mwaka 2018 wakaja watu wa televisheni kutoka ng'ambo, wakatega kamera msituni, wakatoka na filamu fupi ya mnyama waliyesema ndiye. Magazeti ya dunia yakashangilia. Wakulima hawakushangaa, wao hawakuwa wamemzika.

Nitaambiwa kwamba watu hukosea, na kwamba masimulizi ya chui yamechanganyika na habari za wachawi na mifugo yao ya siri. Ni kweli. Basi msimulizi na aulizwe: ulimwona wapi, saa ngapi, alikuwa akila nini? Hivyo ndivyo shahidi anavyopimwa. Kumdai picha mtu asiye na kamera ni kumfunga mdomo.

Na kamera yenyewe siku hizi hutegwa njiani mwa wanyama kama tanzi. Mwanakijiji amekatazwa mtego wake, na ni haki akatazwe, maana nyama ikiisha haina mbadala. Lakini mtego wa mgeni unaruhusiwa, na windo lake husafiri mbali. Anayejua mahali chui anapopita, akabeba mizigo na kuonyesha njia, hulipwa ujira wa siku, kisha jina lake halionekani chini ya picha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu amepona nini?

Mimi ni mfasiri niliyejifunza kazi kwa kamusi na taa ya chemli. Sikusoma elimu ya wanyama, ila najua kwamba atoaye tafsiri bila kumtaja mwandishi ni mwizi. Mpiga picha wa msituni naye ni mfasiri: maneno ya asili ni ya yule aliyemwambia, "Pita hapa." Na aliandike jina lake, akikubali mwenyewe. Na airudishe picha kijijini, iwekwe shuleni, chini yake pawe na jina la mnyama kwa lugha ya pale.

Wajukuu wa mzee wa Ibaba walitawanyika jioni ile. Nami sikuujua mwisho wa chui yule.