Kishikwambi na Fundi wa Baiskeli

Wapo wanaotuambia kwamba mwalimu aliyepewa kishikwambi hana tena cha kulalamikia. Mimi niliyefundisha walimu chuoni hadi nikastaafu nakataa.

Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na kazi ilipokwisha vikagawiwa walimu. Kuliko kuvifungia stoo, lilikuwa jambo jema. Tena kinabeba vitabu vingi, na mwalimu wa kijijini huvisoma humo bila kungoja gari la wilaya. Lakini ni cha mwalimu kujisomea, ndugu zangu, siyo cha kufundishia. Kioo chake huwatosha watoto watatu waliobanana. Huku kwetu darasa la watoto mia si hadithi. Waliobaki watazame visogo vya wenzao? Ubao huonekana hadi dawati la nyuma, wala hauchajiwi.

Sasa betri. Hapa Shinyanga baiskeli ikikatika spoki, fundi wa chini ya mwembe huibadili kabla hamjamaliza kuulizana habari za mvua. Betri ya kishikwambi imebandikwa ndani kwa gundi, na joto huizeesha upesi, hasa kikichajiwa juani. Ikifa, nani ataifungua? Waulizeni wachimbaji wadogo wa Geita: nani hununua karasha bila kuuliza vipuri? Hao hawana shahada.

Basi anayegawa vishikwambi atenge pia fungu la betri, la sola na la fundi mmoja kila wilaya. Na muuzaji asiyetaja bei ya betri asilipwe.