Landrova ya Mzee na Nambari ya Jamaa wa Kaunta

Kama una gari la zamani la kupanda milima, unaijua ile simu. "Boss, tumefungua injini. Kuna kitu uje uone."

Langu ni Land Rover Defender la 1996, injini ya 300Tdi, niliachiwa na mzee. Lilichemsha likipanda kutoka Naivasha, na badala ya kusimama, nikaendelea kulikanyagia mpaka Kimende. Injini hiyo bloku yake ni ya chuma lakini hedi ni ya alumini. Ikichemka vile, hedi hupinda na gasketi huungua. Hapo kosa ni langu, sikatai.

Nililipeleka shoruumu moja Nairobi, sio kwa fundi wa mtaani, kwa sababu nilitaka spea za uhakika na risiti. Kotesheni ikaja shilingi 348,000, na ukiongeza VAT ya 16% inafika 403,680. Nikaguna. Jamaa wa kaunta akaniinamia polepole: "Boss, tuma deposit kwa nambari yangu, hiyo VAT tuiondoe."

Nikatuma 90,000. Ndiyo, mimi ninayewaandikia kuhusu malipo salama, nilituma.

Wiki tatu baadaye jamaa hakuwa kazini tena, na simu yake imezimwa. Keshia akafungua jobu kadi yangu: deposit, sufuri. Nikamwonyesha meseji. Akaisoma, akanirudishia simu kwa upole. Jina lililokuwa pale ni la mtu binafsi, si la kampuni. Kwa kampuni mimi sikuwa nimelipa hata shilingi.

Watu huniuliza kwa nini sikuomba pesa irudishwe. Niliomba. Lakini huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya pesa iliyopotea njia, ulipokosea tarakimu moja ikaenda kwa mgeni. Hata hapo, pesa lazima iwe bado iko kwa aliyeipokea. Mimi sikukosea nambari. Jina lilitokea kwenye skrini, nikalisoma, nikaweka PIN. Kesi kama hiyo ni ya polisi, na nimeipeleka huko. Pesa bado sijaiona.

Sasa kuna wanaosema usilipe deposit kabisa mpaka gari liwake. Sikubaliani nao. Spea za gari la umri huu mara nyingi huagizwa, na hakuna shoruumu itaagiza hedi kwa ahadi ya mdomo. Wengine wanasema beba pesa taslimu. Laki nne kwenye mfuko wa koti, kwenye foleni ya Waiyaki Way? Hapana. Shida si deposit wala si simu. Shida ni ile punguzo ya kunong'onezwa, kwa sababu anayekuomba ukwepe VAT anakuomba pia uache risiti ya eTIMS, na bila risiti hiyo hata warranti ya kazi utaidai na nini?

Mara ya pili nililipa nusu, 201,840, kwa Lipa Bili ya kampuni. Kwenye nafasi ya akaunti niliandika nambari ya jobu kadi. Ingekuwa nambari ya gari, mtu wa hesabu angetafuta malipo yangu mpaka kesho. Jina la kampuni likatokea, nikalilinganisha na lile la juu ya kotesheni, herufi kwa herufi, ndipo nikaweka PIN.

Halafu ile simu ikaja. Hedi haikuwa imepinda tu, ilikuwa na ufa. Nikaomba kotesheni mpya kwa maandishi kabla ya mtu kugusa boliti: 190,000 zaidi, VAT ikiwemo. Nikaomba pia hedi ya zamani niione kwa macho. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, katikati ya vali mbili. Iliniuma, lakini niliamini.

Siku ya kuchukua gari nilibakisha 391,840. Hapa wengi hukwama kwenye kaunta: M-Pesa hairuhusu zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, wala zaidi ya 500,000 kwa siku, na akaunti yenyewe haibebi zaidi ya hiyo 500,000. Kwa hivyo nilikuwa nimehamisha pesa kutoka benki jioni ya kuamkia siku hiyo. Lakini kwanza fundi alikaa kando yangu, tukapanda hadi Limuru, mimi jicho liko kwa mshale wa joto. Ukakaa katikati, ukakataa kupanda.

Tukarudi, nikalipa 250,000, kisha 141,840, jobu kadi ile ile. Keshia akapiga muhuri, akachapisha risiti. Nikaikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha gari, pamoja na risiti za mzee za miaka ya tisini, zote za mkono, zote na muhuri.