Ushindi wa Leovigild usipimwe kwa idadi ya miji

Wapo wanaomsifu Leovigild, mfalme wa Wavisigothi aliyetawala Uhispania hadi mwaka 586, kwa kuihesabu miji aliyoiteka. Hesabu yenyewe ni ndefu. Mwaka 570 aliwavamia Warumi wa Mashariki waliokalia pwani ya kusini. Mwaka uliofuata akautwaa mji wa Asidona usiku, kwa usaliti wa mtu aitwaye Framidaneus. Córdoba, iliyokuwa imewashinda wafalme waliomtangulia, iliangukia mikononi mwake mwaka 572. Kisha akageukia kaskazini na kuitiisha Cantabria.

Sipingi kwamba alikuwa jemadari hodari. Alirithi ufalme uliochanika kila upande. Lakini mwalimu anayeishia kwenye orodha hiyo huwanyima wanafunzi wake sehemu iliyo nzito zaidi.

Mwaka 579 mwanawe mkubwa, Hermenegild, aliyekabidhiwa sehemu ya kusini, aliasi huko Sevilla. Akaiacha imani ya Ario aliyolelewa nayo, ile isiyomlinganisha Kristo na Mungu Baba, akaingia Ukatoliki, dini ya wengi wa raia wenyeji. Baba akauzingira mji, akauziba mto Guadalquivir, hadi Sevilla ikaanguka. Hermenegild alikamatwa Córdoba mwaka 584, mji uleule baba yake aliokwisha kuuteka mara moja, na mwaka 585 akauawa Tarragona.

Je, huko nako ni kupanua milki? Yohana wa Biclaro, mwandishi wa tarihi wa zama hizo, anasema uasi ule uliwaangamiza Wagothi na Warumi kuliko mashambulizi ya maadui. Ushahidi wake una uzito wa pekee, kwani alikuwa Mkatoliki aliyeteswa na mfalme huyo. Tungetarajia amtetee mwana, naye hakumtetea.

Mwaka huohuo wa 585 Leovigild aliumeza ufalme wa Wasuevi. Hata hivyo, ufa wa dini aliuacha wazi. Aliyeuziba ni mwanawe mwingine, Reccared, katika mtaguso wa Toledo wa mwaka 589, Wagothi walipoukubali Ukatoliki, ingawa si bila maasi ya waliokataa.

Na ile pwani ya kusini, alikoanzia vita? Warumi wa Mashariki hawakuondolewa kabisa hadi enzi ya Suinthila, karibu miaka 40 baada ya Leovigild kufariki.