Mwacheni Akomae

Mzazi mwenzangu, usinidhanie kuwa adui wa baleti. Binti yangu aliicheza hapa Nairobi, nami nililipa karo bila kunung'unika. Lakini mwalimu aliponiambia kwamba mtoto wa miaka 8 yu tayari kuvaa viatu vya kusimamia ncha za vidole, nilikataa. Mifupa ya miguu katika umri huo haijakomaa. Bado ina sehemu teketeke. Walimu makini hungoja hadi miaka 11 au 12 hivi, tena baada ya mazoezi ya miaka kadhaa, na kwanza hupima nguvu za vifundo vya miguu. Huyu wetu alipima nini? Alikuwa na onyesho la Desemba, na wazazi wenye kamera! Binti yangu alilia wiki nzima. Nilimwacha alie.