KEMIA ISINGOJE MAABARA

Reli itokayo Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kubeba risasi iliyochimbwa Mukwamba, pamoja na shaba, fedha na dhahabu iliyoandamana nayo. Mwaka 1960 uchimbaji huo ulikuwa umekoma. Mali ilikwenda ng'ambo. Mwananchi wa Mpanda aliachiwa reli na mashimo, lakini hakuachiwa maarifa ya kile kilichotolewa katika ardhi yake.

Leo wajukuu wa mwananchi huyo wanasoma kemia. Hukutana na jedwali la elementi shuleni sekondari, kwa Kiingereza, na mara nyingi hulikariri kama maneno ya uganga. Jedwali hilo, ambalo msingi wake uliwekwa na Mendeleev mwaka 1869, sasa lina elementi 118. Kadhaa kati ya hizo mtoto wa Katavi amezigusa kabla hajajua kusoma. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba elimu hii ni ya maabara peke yake. Mkaa ulioko jikoni ni kaboni kwa sehemu kubwa. Chumvi ya Uvinza, ambayo watu wameichemsha kutokana na maji ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja, ni muungano wa sodiamu, metali inayowaka ikiguswa na maji, na klorini, gesi yenye sumu. Zikiungana hukoleza mboga. Mzazi akiweka msumari mmoja katika chupa kavu iliyofungwa na mwingine katika chupa yenye maji kidogo, baada ya juma moja mtoto ataona kutu, naye ataelewa jinsi chuma kinavyoungana na oksijeni. Hata Kiswahili chenyewe ni mwalimu: fedha ni metali kabla ya kuwa noti, na risasi ni metali kabla ya kuwa kitu cha bunduki.

Lakini katika Mpanda jambo hili si la mitihani tu. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, dhahabu hunaswa kwa zebaki, na donge linalopatikana huchomwa motoni ili zebaki ipae, dhahabu ibaki. Kazi hiyo ikifanyika jikoni, mvuke husambaa mahali mama anapopika na mtoto anapolala. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Hudhuru ubongo na figo, na anayedhurika zaidi ni mtoto mchanga na yule aliye tumboni. Mtoto anayejua kwamba zebaki ni elementi, na kwamba elementi haiteketezwi kwa moto bali huhama tu, atauliza: imekwenda wapi? Swali hilo laweza kuokoa nyumba nzima.

Wapo watakaosema kwamba mchimbaji hachomi zebaki kwa ujinga bali kwa dhiki. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana vyombo vilivyofungwa vya kunasa mvuke havina budi kumfikia kwa bei anayoimudu. Hata hivyo, dhiki haimlazimishi mtu kuchoma zebaki ndani ya nyumba badala ya mahali pa wazi, mbali na watoto. Hapo panahitajika maarifa, wala si fedha.

Wajibu wa kwanza unawaangukia walimu na watumishi wa umma, kwa kuwa wao ndio waliokwisha kupata elimu hiyo kwa jasho la wananchi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alikataa shule inayomtenga mtoto na maisha ya jamii yake. Mwalimu wa sayansi anayefundisha alama ya zebaki darasani, kisha akapita kimya penye jiko linalochoma zebaki, hajamaliza kazi yake. Aanze na watoto wake mwenyewe mezani, kwa Kiswahili. Kisha avuke ua, aende kwa jirani.

Reli ile ilichukua risasi ya Mpanda bila kuwafunza wenyeji. Kizazi cha leo kisirudie kosa hilo juu ya watoto wake chenyewe.