Jointi za Moteri Tuzibadilishe Mapema



Katika ukurasa huu tumezoea kusemezana juu ya kofia ya kazi, vumbi na maji safi ya kunywa. Leo nataka kusema juu ya jointi za moteri. Msiulize infirmieri anatafuta nini garajini. Wanaoungua garajini wanaletwa kwangu.

Mwenzetu mmoja hapa Kolwezi ana Peugeot 205 GTI, motokari ndogo ya mbio iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Anaipenda sana. Kwa miezi mingi moteri yake ilikuwa ikivuja mafuta. Yeye aliweka katoni chini, akaongeza mafuta kila juma, akasema: “Motokari ya zamani lazima itoe jasho.” Jioni moja alirudi kutoka Likasi, akataka kujua mafuta yanatokea wapi. Akaosha moteri kwa esansi, nayo ingali ya moto. Ikawaka. Aliungua mikono yote miwili, akakaa majuma matatu bila kazi. Na jointi yenyewe ni kipete cha mpira kinachoenea katika kiganja cha mkono!

Maoni yangu ni haya: katika motokari ya zamani, jointi ibadilishwe kabla haijavuja, kama vile mtoto anavyochanjwa kabla surua haijafika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mpira unazeeka kwa joto na kwa miaka, hata motokari ikisimama tu chini ya mwembe. Unakuwa mgumu, na mdomo wake haukamati tena chuma kinachozunguka. Vumbi letu la kiangazi linausugua zaidi. Mafuta yakidondoka juu ya bomba la moshi lenye joto, yanaweza kuwaka. Yakifika kwenye mkanda unaoendesha vali, yanauharibu. Mkanda ukikatika, mara nyingi vali zinagonga pistoni, na moteri imekufa katikati ya njia.

Wako mafundi wanaosema: “Moteri isiyougua haifunguliwi.” Neno lao lina ukweli. Jointi mpya ikiingia kombo, au chuma kikikwaruzwa wakati wa kutoa ile ya zamani, itavuja siku ile ile. Kwa hiyo sisemi tufungue moteri nzima bila sababu. Nasema: ukifungua mahali, maliza kazi ya mahali pale. Ukibadilisha mkanda wa vali, badilisha jointi spi zilizo nyuma yake. Ukishusha bwati ya vitesi kwa ajili ya ambreyaji, badilisha jointi spi ya nyuma ya moteri, kwa maana kazi kubwa ni kushusha, si kile kipete. Tena angalia bomba la kupumulia la moteri. Likiziba, pumzi ya ndani itasukuma mafuta nje, hata kama jointi zote ni mpya.

Dunia ilipata somo hili kwa uchungu. Tarehe 28 Januari 1986, huko Marekani, chombo cha anga Challenger kilivunjika sekunde 73 tu baada ya kuruka, na watu 7 wakafa. Pete za mpira za kuzibia roketi zilikuwa ngumu kwa baridi ya asubuhi ile. Wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia. Hawakusikilizwa.

Lakini kinga ya moteri isiharibu afya ya fundi. Shikeni mambo haya:

1. Moteri ipoe kabisa kabla ya kuigusa. Usiioshe kamwe kwa esansi.

2. Usiingie chini ya motokari iliyobebwa na kriki peke yake. Weka vigingi imara vya chuma.

3. Jointi bapa za zamani, kama ile ya kichwa cha moteri, zinaweza kuwa na amianti. Ufaransa iliikataza tangu Januari 1997, lakini motokari za kabla ya hapo bado zinatembea. Vumbi lake linaleta saratani ya mapafu, na ugonjwa unaweza kutokea baada ya miaka 20 au zaidi. Loanisha kwa maji kabla ya kukwangua. Usipulizie hewa ya kompresa, wala usisugue kwa mashine. Funga mabaki katika plastiki, watoto wasiyachezee.

4. Mafuta machafu ya moteri yanadhuru ngozi, na kwa miaka mingi yanaweza kuleta saratani yake. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, usiweke kitambaa chenye mafuta mfukoni.

5. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mlete dispensari. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Machimboni, makamyoni makubwa yanatunzwa kwa kuhesabu saa za kazi. Hakuna anayengoja yasimame ndipo aitwe fundi. Mbona nyumbani tunangoja doa la mafuta chini? Mwenzetu yule sasa amerudi kazini, lakini vidole viwili vya mkono wa kuume havikunjiki vizuri. Jointi amekwisha kuibadilisha. Vidole, ndugu zangu, havina vya kubadilisha.